Yaya, Ni Nani Aliyeanza Kuwarudisha Watoto?

Yaya Zawadi,

Sikuandikii kukusalimia. Nilitaka kuanza kwa salamu, lakini kila nikishika kalamu kinachotangulia ni swali, na swali lenyewe lina hasira ndani yake. Nivumilie. Nitakupa kwanza habari za huku, halafu nitakuuliza. Nikikuuliza mapema sitaweza kumaliza.

Ninaandika kwa Kiswahili kile cha daftari, ulichonifundisha barazani kwangu, ingawa mdomoni bado nasema mutoto na apana kama watu wote wa Gasenyi. Na bado nakuita yaya, kama watu wenu wa Uvira wanavyomwita dada mkubwa. Niliwaza nibadilishe, nikuite Mwalimu, au Zawadi tu. Nimeshindwa.

Mwanangu Divine yuko mjini Ngozi, anasomea uuguzi. Ananipigia simu Jumapili na kunisomea majina ya mifupa kwa Kifaransa, mimi naitikia kama naelewa. Mafuta bado ni ya shida, mabasi ya Kamenge yanakuja yakitaka, kwa hiyo siku hizi natembea sana na miguu inajua. Cherehani ni ile ile. Nadine wako ndiye direktrise wa shule sasa, kama ulivyotaka. Amekonda. Anavaa saa yako.

Na sasa yale yenyewe.

Mwezi wa nane Nadine alimleta fundi wa rangi apake upya ukuta wa mbele wa shule. Unaukumbuka ulivyokuwa: NTAWUSIGARA, hakuna anayebaki nyuma, shule ya wazazi, na chini yake, kwa herufi zako zilizopinda, "Mtoto akifika mlangoni, ameingia." Rangi ilikuwa imebanduka, ni kweli. Nilipita asubuhi nikipeleka vitambaa nikamkuta fundi yuko juu ya ngazi, ameshafuta yote, ameandika upya: "Dhamira yetu ni kumpokea na kumlea kila mtoto aliye tayari kusoma."

Nilisimama pale na vitambaa mkononi. Nikamuuliza, "Haya maneno nani amekupa?"

"Direktrise. Ameniandikia kwenye karatasi."

Nilimkuta Nadine ofisini. Nikamwambia ukuta umependeza, halafu nikamuuliza mtoto aliye tayari ndiye yupi. Alicheka kidogo, bila kuniangalia. "Ni namna ya kuandika tu, mama mudogo. Siku hizi watu wanapenda hivyo." Kisha haraka haraka akaniomba nizungumze siku ya sikukuu ya shule, niwasimulie wazazi wapya jinsi tulivyoanza. "We ndiye unajua mwanzo," alisema. Nilikubali. Lakini nilirudi nyumbani na yale maneno mawili, aliye tayari.

Kwa sababu mwanzo naujua, yaya. Siku ile ulikuja kwangu na sketi ya bluu iliyofumuka pindo, niishone. Ulikuwa na miezi minne tu tangu uvuke mpaka wa Gatumba na Nadine, naye msichana wa miaka kumi na minne asiyetaka kuongea na mtu. Divine alikuwa na miaka saba. Alikuwa amekaa sakafuni anachora nyumba kwa chaki yangu ya kukatia nguo, saa nne asubuhi, wakati watoto wa jirani wako darasani. Uliniuliza, "Huyu mutoto hasomi?"

"Apana. Walimurudisha."

Nikakueleza kwamba baba yake aliondoka na begi, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilikuwa ndani ya lile begi. Shule mbili zilitaka karatasi. Sikuwa na karatasi. Wewe uliziangalia zile nyumba za chaki.

"Lakini alifika mulangoni?"

"Alifika."

"Basi aliingia. Ni wao hawakuona."

Kesho yake ulirudi, na sketi hukuiulizia hata. Ulikuwa umebeba ubao uliopakwa unga wa betri za redio, na meno yako yalikuwa na vumbi jeusi, sijui uliyapaka vipi. Ulianza na Divine na watoto wawili wa nyuma ya nyumba. Kabla ya Noeli sikuwa na mahali pa kuweka miguu chini ya cherehani yangu mwenyewe. Watoto walikuwa wamejaa mpaka kwenye mapipa ya maji. Baba yake Bosco, ambaye ni mwashi, akatoa Jumamosi zake. Kanisa likatuazima mabenchi. Akina mama wa soko la Kamenge wakaja na watoto waliorudishwa kwa kukosa viatu, kwa kukosa cheti, kwa kusema Kirundi cha Kikongo, kwa kuwa wakubwa mno, kwa kuwa wadogo mno. Siku tulipoandika daftari la kanuni za shule, kila mzazi alisema neno lake moja na wewe uliandika. Mimi nilisema lile la mlangoni. Nililiiba kwako na wewe uliliandika la kwanza, ukaweka jina langu kando.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikijiandaa kuwasimulia wazazi. Na ndipo nikaziangalia zile iniforme, sare za shule ninazoshona.

Unajua kazi yangu: mwezi wa nane watoto wapya wote wanapita kwangu napima mabega, kiuno, urefu. Naandika jina kwa chaki ndani ya kola. Mwezi wa tisa, wakishaandikishwa shuleni, wanakuja kuchukua. Mwaka huu shule ilifunguliwa, wiki ya kwanza ikapita, wiki ya pili ikapita, na juu ya rafu yangu zikabaki saba. Mwaka jana zilibaki nne. Ulikuwa umetutoka wiki chache tu kabla, sikuwa na akili. Nilifikiri wale wamehama, watu wanahama kila siku hapa. Nilizifumua zile nne, kitambaa nikakitumia kwa watoto wengine. Nilizifumua, yaya. Mikono hii.

Mwaka huu sikufumua. Nilisoma majina ndani ya kola. Nikamkumbuka kila mmoja, kwa sababu mtu uliyempima mabega huwezi kumsahau. Mmoja alikuwa na kigugumizi. Wawili walikuwa ndugu kutoka ng'ambo ya mpaka, hawajawahi kushika kalamu. Na Ange, binti wa yule mama anayeuza mboga za lengalenga karibu na stendi ya Kamenge, aliyenyoosha mikono nilipompima kama mtu anayetaka kuruka. Hakuna hata mmoja kati ya wale saba aliyekuwa mtoto wa kushika mambo haraka.

Nikaanza kumchunguza Nadine. Nakwambia bila aibu, ingawa ni mwanao na mimi ndiye niliyemshonea gauni la diploma. Nilipata visababu vya kwenda shuleni: leo kupima mapazia, kesho kuuliza saa. Nikaona mlango wa ofisi unafungwa nikifika. Nikaona kabati la chuma, lile ambalo enzi zako lilikuwa wazi mchana kutwa, sasa lina kufuli, na ufunguo uko shingoni kwake pamoja na msalaba. Nilimuuliza mbona watoto wapya ni wachache. Akasema maisha ni magumu, wazazi wanachelewa. Nilimtajia Ange kwa jina. Akasema hamkumbuki. Lakini alishika ule ufunguo.

Mtu akikuambia hamkumbuki mtoto huku mkono wake unapanda shingoni, unafikiri nini? Mimi nilifikiri mabaya yote. Nilifikiri anataka kuifanya shule ya wenye nacho. Nilifikiri kuna mtu nyuma yake. Nilifikiri, Mungu anisamehe, kwamba hakuwahi kutupenda, kwamba yule msichana wa miaka kumi na minne aliyekaa kimya kwenye kona ya baraza langu alikuwa akituhesabia makosa.

Basi nilienda Kamenge. Mama Ange alikuwa anafunga mafungu ya mboga, hakuinua kichwa. Nilimwambia iniforme ya mtoto iko tayari.

"Ya kazi gani?" alisema. "Walimupimisha kusoma. Akashindwa. Wakaniambia nijaribu kwingine."

"Nani alikuambia?"

"Mwenyewe. Direktrise. Alisema kwa upole sana." Akafunga fungu jingine. "Kama angenitukana ningemujibu."

Sikungoja basi. Nilitembea kutoka Kamenge mpaka shuleni na jua lile, na nilipofika sikubisha. Nadine alikuwa ameketi na mtoto wa kiume wa miaka sita au saba, kitabu kiko wazi mbele yao. Mama wa mtoto amekaa kwenye benchi na kitenge chake kizuri, kile mtu anachovaa siku ya kwenda kanisani. Mtoto alikuwa ameweka kidole kwenye neno moja na hakitoki. Jasho lilikuwa linamtoka, yaya, mtoto mdogo hivyo. Na Nadine ana kalamu nyekundu mkononi.

Nikamwambia yule mama ampeleke mtoto nyumbani, kesho aje darasani, mimi ndiye nimesema. Mimi fundi wa kushona. Yule mama aliangalia Nadine. Nadine akafunga kitabu. Wakaondoka.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Moja tu nitaliandika kwa sababu ndilo lililomfanya alie: nilimwambia, "Mama yako angekuona leo angejificha uso."

Alifungua kabati. Akatoa bahasha ya kaki, akaiweka mbele yangu, akasema, "Soma, mama mudogo."

Ilikuwa kwa Kifaransa, ukurasa mmoja. Kifaransa changu unakijua. Lakini mwandiko sikuhitaji kuambiwa. Ile g yako yenye mkia unaorudi nyuma. Mistari ya mwisho ilikuwa inatetemeka. Na chini kulikuwa na sahihi tatu. Ya kwanza yako, ya pili ya Nadine. Ya tatu ilikuwa yangu.

Nadine alinitafsiria mstari kwa mstari. Kwamba kuanzia sasa kila mtoto mpya atasomeshwa aya moja kabla ya kuandikishwa. Kwamba mtoto ambaye hajafikia kiwango ataelekezwa kwingine. Nilimuuliza, "Kwingine wapi?" Akaitazama tena karatasi. Karatasi nayo haisemi.

Mtoto anayekuja shule asome kwanza ndipo aingie shule. Ulifikiria vipi jambo hilo, wewe?

Nikakumbuka. Ulikuwa umelazwa, sukari imepanda, mguu umefungwa bandeji mpaka gotini. Nilikuwa nimekuletea uji wa mtama kwenye chupa. Ulikunywa vijiko vitatu kunifurahisha. Halafu ukatoa karatasi chini ya mto. "Godelive, weka sahihi hapa. Ni mambo ya matokeo ya watoto."

Nikakuuliza, "Inasema nini?"

Ukasema, "Inasema tutafanya vizuri zaidi."

Nikacheka. Nikaegemeza karatasi kwenye goti langu nikaandika jina langu lote, kwa herufi nzuri, ili uone mwanafunzi wako. Ulishika mkono wangu muda mrefu. Nilidhani ni kwa sababu ulikuwa unaumwa.

Sasa naligeuza akilini kila siku tendo lile la kunishika mkono. Lilikuwa la upendo, au la kuomba radhi? Au ulikuwa unanishika nisije nikamwomba nesi anisomee?

Nadine anasema ulisikia kwamba shule za wazazi zenye matokeo mabaya kwenye mtihani wa taifa zitafungwa. Nilimuuliza ulisikia kwa nani. Hajui. Ulisikia tu. Anasema ulimwambia bora tubaki na wachache kuliko kuwapoteza wote. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mwaka mzima, mimi niliyemlea nusu. Akasema, "Mama alinikataza. Alisema we utakataa."

Nadine anasema. Wewe husemi. Labda ulimkataza kweli. Labda aliogopa hasira yangu akakutumia wewe kama ngao, maana maiti haiwezi kubisha. Nilimwangalia usoni kutafuta uongo, nikaona tu kwamba amechoka, na kwamba ana pua yako. Aliniambia pia kwamba kila mtoto aliyemrudisha ameandika jina lake kwenye daftari pembeni, na kwamba hajui kwa nini anayaandika. Alinionyesha. Ange alikuwemo. Alikuwa anamkumbuka, basi.

Yaya, wiki ile sikushona kitu. Nilikaa nikikufumua wewe. Siku uliyosema huna haja ya chakula, ulikuwa umekula kwingine? Siku uliyoniambia Divine ni mwerevu, ulikuwa unasema kweli au unanipoza? Nilipekua hata yale mema. Mtu akidanganywa mara moja na anayempenda, anaanza kukagua nyumba yote, hata vyumba ambavyo havina kosa. Divine aliponipigia Jumapili sikumwambia. Aliniuliza kama naumwa. Nikasema apana, ni mavumbi.

Jambo moja lilinishinda zaidi ya yote: kwa karatasi ile, Divine asingeingia. Alikuwa hajui hata a. Alijua nyumba za chaki tu. Ungemrudisha.

Sikukuu ikafika, Jumapili mchana, watu wametoka makanisani, viti vimepangwa uani. Nadine alikuja kwangu asubuhi kabla ya misa. Alidhani nitamwomba anipe karatasi. Nilimwambia karatasi ibaki kwake, lakini mimi nikimaliza kusimulia nitamwomba aisome mbele ya wote, kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Akisoma, tutakuwa wawili. Akikataa, nitasema peke yangu ninavyoikumbuka. Alisema, "Watamchukia mama." Nikamwambia sijui. Kweli sikujua. Nilikuwa nataka wakuchukie kidogo, nisikufiche.

Nilibeba zile iniforme saba nikaziweka juu ya meza, zimekunjwa. Nikawasimulia mwanzo, wote, na sketi yako, na unga wa betri, na meno yako meusi. Walicheka mahali pa kucheka. Wazee walifuta macho. Halafu nikasoma majina saba kutoka ndani ya kola, mojamoja, nikasema hawa walifika mlangoni mwaka huu na hawakuingia. Nikasema, kuna karatasi, na jina langu limo. Nililiandika kwa mkono wangu bila kujua nilichoandika, na hiyo si sababu, kwa sababu ningeweza kuuliza mara ya pili.

Nadine alisimama. Nilidhani atakimbia. Alisoma. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka watu wa nyuma wakasogea. Alipofika kwenye sahihi alisoma jina lako kwanza, akaliita lote, kama darasani wanapoita orodha. Mtu mmoja pale nyuma aliitikia "Mungu wangu" kwa Kirundi, na hapo uani pakachafuka.

Nikuambie ukweli, si wote walikuwa upande wangu. Baba yake Bosco, yule yule aliyejenga zile kuta, alisimama na kofia mkononi. "Bosco iko mwaka wa tisa, mwaka wa mutihani," alisema. "Mukijaza darasa na watoto wasiojua kitu, mwalimu atamuangalia nani? Mwalimu Zawadi aliona mbali. Mi namuunga mukono." Wengi walimpigia makofi. Na sikuweza kusema ni mtu mbaya. Matofali yale alichanganya udongo wake kwa miguu yake.

Mama mmoja akanielekezea kidole akasema nimemchafua marehemu mbele ya watoto. Mwingine akasema kama si marehemu tusingekuwa na uwanja wa kugombania. Halafu bibi mmoja ninayemjua kwa uso tu, anayemlea mjukuu, akasema bila kusimama, kwa sababu magoti yake ni mabovu: "Mujukuu wangu alikuja hapa hajui kushika kalamu. Leo ndiye ananisomea dawa, asubuhi ngapi, jioni ngapi. Kama mungemurudisha, mi ningekuwa nimeshakufa." Watu walicheka, yeye hakucheka.

Tulibishana mpaka vivuli vikafika kwenye ukuta wa pili. Mwisho tukapiga kura kwa kuinua mikono. Walio wengi walisema kipimo kiondolewe, na watoto wanaoanza nyuma wapate saa moja zaidi mchana, wazazi wanaojua kusoma wapokezane kuwasaidia. Baba yake Bosco hakuinua mkono. Alipopita karibu yangu alisema, "Tutaona matokeo." Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa kichwa tu. Na yule aliyeninyooshea kidole ameamua kushonesha kwingine.

Jumatatu Nadine alipanda ngazi mwenyewe na kopo la rangi nyeupe, akafuta yale maneno mawili. Pamebaki pengo katikati ya mstari. Nilimwambia aite fundi apange upya herufi. Alisema ataita. Mpaka leo hajaita. Sijui kama ni uvivu au anataka watu waulize.

Bado simwamini yote, Nadine. Nakuambia kwa sababu ni wako. Ninampenda, nakula naye, lakini akifunga mlango ninasikiliza. Labda itapita. Labda ndivyo ningepaswa kukuangalia wewe pia toka mwanzo, kwa macho yaliyo wazi, badala ya kukufanya mtu asiyeweza kuogopa. Kwa maana uliogopa, sivyo? Ulikuwa umelala pale na mguu unakufa, ukasikia fununu, ukaogopa kwamba unaondoka na shule inaondoka nyuma yako. Hilo ninalielewa. Nikilielewa sana nakaribia kukusamehe, halafu nakumbuka ulivyosema "inasema tutafanya vizuri zaidi", na narudi nyuma.

Swali langu ni hili, basi. Nimefika. Ulinificha kwa sababu ulijua ni kosa, au ulinificha kwa sababu uliniona mtu wa kushona tu, asiyeweza kupima jambo kubwa? Ningeweza kuishi na la kwanza. La pili ndilo linaloniamsha.

Huwezi kunijibu. Najua.

Watoto wanne kati ya saba wameshakuja kuchukua. Yule wa kigugumizi alivaa pale pale barazani akakataa kuvua. Wale ndugu wawili wamerudi ng'ambo na wazazi wao, hakuna anayejua kijiji. Amebaki Ange.

Mama yake aliacha soko. Wamehamia Kajaga kwa kaka yake, mvuvi, kwenye vyumba viwili ambavyo ziwa lilishawahi kuingia, alama ya maji bado iko ukutani, usawa wa kifua cha mtu. Nilimfuata Jumamosi iliyopita. Alikuwa anageuza samaki kwenye chanja. Nilimweleza kwamba mambo yamebadilika, wazazi wamekaa, kipimo kimeondolewa, Ange anaweza kulala kwangu siku za juma kwa sababu ya umbali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Divine," alisema, "mwanangu alilia siku tatu. Sasa ameacha kuuliza. Unataka aanze tena kuuliza?"

Nikasema shule imekiri kosa.

"Shule ni nani?"

Ange alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia mikono. Nilisema shule hivi, shule vile, komite, direktrise, nikakutaja hata wewe. Jina langu sikulitaja. Pale uani mbele ya watu mia nilikuwa nimeweza kulisema, na mbele ya mwanamke mmoja anayegeuza samaki nikashindwa. Nikanywa maji aliyonipa nikaondoka.

Kwa hiyo pumzika, yaya. Sikuombei mabaya, nimekuwekea kaburini maua yale mekundu uliyoyapenda, nimeng'oa majani pembeni, na sitakuja tena mpaka hasira iwe ndogo ya kubebeka kwa mkono mmoja. Nitaendelea kuwasimulia watoto wa shule habari za Zawadi wote wawili: aliyekuja na ubao, na aliyetoa karatasi chini ya mto. Wakiuliza yupi ndiye Mwalimu Zawadi, nitasema wote.

Na nakuahidi hili. Kesho ni Jumamosi. Kama hakuna basi nitatembea mpaka Kajaga. Nitamkuta Mama Ange kabla hajawasha moto, na kabla ya salamu, kabla hajanipa kiti, nitamwambia: niliweka sahihi. Halafu nitangoja aniambie kama naweza kukaa.

Mdogo wako,
Godelive